Si Umenielewa?

Siku hizi kuna jibu ambalo limekuwa ngao ya kila mwenye kalamu au simu mkononi. Mwambie mwenzio, "Bwana, barua yako hii ina makosa, hebu ipitie tena kabla hujaituma," naye atakutazama kama mtu anayedaiwa deni lisilo lake, kisha atakujibu: "Kwani we hujaelewa? Si umenielewa?" Mjadala umekwisha. Ukizidi kung'ang'ania utaitwa mwalimu wa darasa la pili, au utaambiwa unajifanya msomi wakati sote tunajua ulikotoka.

Nimeamua kulichukua jibu hilo na kulipima, maana naona ndani yake mna swali la maadili, wala si la sarufi peke yake. Je, mtu ana wajibu wowote wa kuyasoma upya maandishi yake ya kila siku kabla hayajamfikia mwingine? Sizungumzii vitabu wala mitihani. Nazungumzia kikaratasi cha kumwita fundi, ujumbe wa simu kwa shangazi, tangazo la mkutano lililobandikwa kwenye mwembe, muhtasari wa kikao cha kijiji, salamu za rambirambi. Maandishi ambayo hayana mhariri, na ambayo ndiyo mengi kuliko yote tunayoandika maishani.

Tuseme kweli: jibu la "si umenielewa" si la kijinga. Lina hoja. Lugha ni chombo cha kubebea mzigo, na mzigo ukifika salama nani atauliza kama baiskeli ilikuwa na kutu? Tena maisha ya mjini ni mbio. Mtu yumo ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine unaandika. Na zaidi ya hayo, si kila mtu alipata bahati ya kukaa darasani. Anayedai nukta na mkato kwa watu wote anaweza kuwa anadai kitu ambacho wengine hawakupewa kamwe. Hoja hii ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na nitairudia.

Lakini litazame vizuri jibu lenyewe. Linatolewa lini? Linatolewa baada ya msomaji kwisha kuhangaika. Anayesema "si umenielewa" anakiri kwamba kazi ya kuunganisha maana imefanyika. Ila aliyeifanya ni mwingine. Yeye ameokoa nusu dakika yake, na nusu dakika hiyo imekatwa kutoka kwa msomaji, tena pengine pamoja na riba. Na kama ujumbe ulikwenda kwa watu arobaini wa ukoo, basi watu arobaini wamelipa.

Twende huku kwetu tukaone riba hiyo inavyolipwa. Chukua kijana aliyetoka Kwaluguru, au kijiji chochote cha Handeni na Korogwe, akaenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Anamwandikia bibi yake. Simu ya bibi inasomwa na mjukuu wa darasa la nne, kwa sauti, neno baada ya neno, kama anavyosoma kitabu cha shule. Mtoto huyo hajui kubahatisha anachokusudia mjomba wake. Anasoma kilichoandikwa. Sasa angalia: kati ya "nitakuja" na "sitakuja" kuna herufi moja tu. Kidole kikiteleza hapo, ama bibi atachinja kuku wa mgeni asiyekuja, ama mgeni atashuka kwenye basi usiku na kukuta hakuna aliyemsubiri stendi.

Kiswahili ndivyo kilivyojengwa. Kukana kwetu kumefichwa ndani ya silabi moja, mara nyingine ndani ya herufi moja. "Alipe" na "asilipe." "Muuze" na "msiuze." Ukiidondosha ile "si" ndogo, katazo limegeuka amri. Wala balaa hili halikuanza na simu. Mwaka 1631 wachapaji wa mfalme kule London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo katika zile Amri Kumi lilikuwa limedondoka neno moja la kukana, ikawa waumini wanaamriwa kuzini. Walipigwa faini ya pauni 300 na kunyang'anywa leseni yao. Hao walikuwa na Kiingereza, lugha ambayo neno lake la kukana limesimama peke yake, linaonekana. Sisi wetu mkano umejificha katikati ya kitenzi kama mchwa ndani ya boriti.

Tuongeze mifano ya nyumbani. "Mgeni wako ametufaa sana" na "mgeni wako ametufia": wa kwanza anaandikiwa shukrani, wa pili anachimbiwa kaburi, na tofauti yao ni vokali moja. "Tumeshapata mahali" na "tumeshapata mahari": wazee wa posa watakueleza kama hayo ni mamoja. Na wilayani Handeni kuna kijiji kinachoitwa Kwamkono, chenye hospitali inayojulikana sana. Hebu mwandikie mtu kwamba dawa za mama zimepelekwa kwa mkono, halafu mwandikie mwingine kwamba zimepelekwa Kwamkono. Wa kwanza atakaa nyumbani akimsubiri mleta dawa. Wa pili atapanda pikipiki. Kinachowatenganisha ni nafasi tupu ya upana wa herufi moja. Na huku kwetu majina ya namna hiyo yamejaa: Kwamsisi, Kwamatuku, Kwachaga, Kwaluguru yenyewe.

Kuna maneno mengine hayana kosa lolote la herufi, na bado yanapotosha kwa sababu mwandishi hakukaa kwenye kiti cha msomaji. Neno "kesho" ni mojawapo. Kesho ni neno linalooza njiani. Umeliandika Jumatatu saa nne usiku, mtandao umesumbua au simu ya mzee ilikuwa haina chaji, likasomwa Jumanne asubuhi. Kesho yako imekuwa Jumatano yake. Hali kadhalika saa. Sisi tunahesabu saa kutoka mapambazuko, lakini simu na tiketi za basi nyingi zinahesabu kutoka usiku wa manane. Ukiandika "basi linaondoka saa 2" na tiketi inasema 2:00, umemwachia mwenzio fumbo, na fumbo la basi likikosewa nauli hairudi. Mtu anayesoma upya alichoandika, huku akijiuliza huyu mtu atakisoma lini na wapi, atabadilisha "kesho" kuwa "Jumanne," na "saa 2" kuwa "saa 2 asubuhi." Huko nako ni kuhariri.

Sasa msomaji anaweza kuniambia: "Ndugu yangu, watu wetu hawana tabia hiyo, usiwalazimishe." Hapo ndipo ninapobisha kabisa. Tabia tunayo! Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na wenzake walipoifuata, mtazame mtu yeyote anapotuma fedha. Mama muuza vitumbua, kondakta, mwanafunzi, mzee wa miaka sabini. Anaandika namba, anairudia kwa midomo, tarakimu mbili mbili. Anasubiri jina litokee. Anauliza, "Wewe ndiye unayeitwa hivi?" Anatazama kiasi, anahesabu sifuri. Ndipo anapoweka namba ya siri. Hakuna aliyempeleka chuo kujifunza hayo. Wala hakuna anayemwita mringaji. Hata yule yule wa "si umenielewa" hathubutu kumwambia mtu aliyekosa pesa zake, "Nilikosea tarakimu moja tu, si umeelewa nilitaka kukutumia?"

Kwa hiyo tusidanganyane. Kuhakiki tunakujua vizuri sana. Tumekubaliana tu, bila kusema, kwamba shilingi elfu kumi inastahili kutazamwa mara mbili, lakini neno halistahili. Hilo ndilo suala la maadili ninalolizungumzia. Maana ukihakiki pesa unajilinda mwenyewe. Hasara ni yako. Ukihakiki neno, mara nyingi unamlinda mwingine; hasara ingekuwa yake. Hapo ndipo uvivu wetu unapochagua upande.

Tabia hii ni ya zamani kuliko simu, na jambo la ajabu ni kwamba waliokuwa nayo kwa ukali kuliko wote ni watu wasiojua kusoma. Wakati wa barua za bahasha, mzee asiyejua kuandika alimwita kijana aliyesoma, akamkalisha kwenye kigoda, akatamka maneno yake: salamu kwanza, tena salamu kwa kila mtu kwa jina lake, halafu "baada ya salamu," ndipo habari yenyewe. Kijana akaandika. Lakini bahasha haikufungwa hapo. Mzee alisema, "Haya, nisomee nisikie." Na alisikiliza kweli kweli, amefumba macho. Akisikia kitu ambacho sicho alichosema, alisimamisha: "Hapo hapo. Mimi sikusema hivyo." Kijana alifuta. Mara nyingine barua iliandikwa upya yote.

Mzee yule alijua jambo ambalo wasomi wengi tumelisahau: kwamba maandishi yanaondoka bila mwenyewe. Tunapoongea, uso unasaidia, mkono unasaidia, na asiyeelewa anauliza "Nini?" nawe unarudia. Barua haiulizwi. Ikifika imefika peke yake, haina mdomo wa kujitetea. Ndiyo maana alitaka kuisikia kabla haijaondoka, kwa masikio ya yule atakayeisikia kule iendako.

Tena Waziguwa, Wasambaa na wenzao wana sababu ya kihistoria ya kuiogopa karatasi isiyosomwa mara mbili. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters na wenzake walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya alama za wakubwa wa nchi kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Kila aliyesoma historia ya shule ya msingi anamkumbuka Mangungu wa Msovero. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa barua ya ulinzi juu ya nchi hizo nne kwa ajili ya chama cha akina Peters, na humo Uzigua ikaandikwa "Useguha." Nisieleweke vibaya. Pale hapakuwa na kosa la herufi. Palikuwa na ulaghai, na nyuma ya ulaghai palikuwa na bunduki zilizokuja baadaye. Hata mtu angesoma mara kumi pengine zisingezuilika. Lakini funzo moja linabaki: karatasi ambayo upande mmoja tu ndio unaoweza kuisoma upya ni silaha. Jamhuri ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mama zetu wakakaa chini ya miti na vibao vya chaki, lengo lilikuwa pia hilo: mtu asiwekewe dole gumba kwenye jambo asilolisoma.

Na mambo hayo hayajaisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo ina jina lake na mipaka ya shamba lake, na safari yake inaanzia kwenye vikao, na vikao vina mihtasari, na mihtasari huandikwa na mtu kama wewe na mimi, kwa haraka, jua likiwa linazama. Ekari 2 na ekari 20 zinatofautiana kwa sifuri moja. "Mashariki" na "magharibi" yote yanaanza na "ma." Katibu anayesoma muhtasari kwa sauti mbele ya kikao kabla haujatiwa sahihi anafanya kazi ile ile ya mzee wa "nisomee nisikie." Katibu anayesema "nitausafisha nyumbani" amechukua haki ya wenzake akaiweka mfukoni.

Sasa nirudi kwenye ile hoja nzito niliyoiahidi. Nani ana haki ya kuitwa mwenye makosa?

Kiswahili tunachokiita sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, ikachukua Kiunguja kuwa msingi, ikakubaliana juu ya tahajia moja kwa nchi nne. Na hapo mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Wengine wote, sisi wa bara na hata watu wa Mombasa na Lamu wenye mashairi yao, tulijikuta tunaongea "lahaja." Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi l na r kama sanifu inavyotofautisha, mtu aliyekulia humo hasikii tofauti ambayo wewe unamcheka kwa kutoisikia. Jina la Kwaluguru lenyewe lina l na r jirani, na wapo wenyeji wataokutamkia Kwalugulu bila wasiwasi wowote. Waziguwa wengi wenyewe hujiita Wazigula; Kiswahili ndicho kilichoimeza ile l, kama kilivyomeza l ya "njala" ikawa "njaa." Aliyemeza na aliyebakiza, nani kakosea?

Kwa hiyo nakubali: kuna kuhariri ambako ni dharau iliyovaa miwani. Mtakuwa mmekuona. Mtu anaandika kwenye kundi la ukoo, saa kumi alfajiri, "Babu amefaliki," naye mpwa wake aliyesoma, badala ya pole, anaandika: "Ni amefariki, siyo amefaliki." Jamani! Habari ya msiba imefika nzima, kila mtu ameielewa, hakuna atakayepotea njia ya kwenda mazikoni kwa sababu ya l. Hapo kosa liko wapi? Mimi naliona kwa yule aliyesahihisha. Ameisoma sentensi ya kilio kama daftari la mwanafunzi. Herufi ameiona, mtu hakumwona.

Matokeo ya dharau hiyo ni mabaya kuliko makosa yenyewe. Watu wananyamaza. Mama mwenye neno la maana kwenye kikao cha wazazi anaogopa kuliandika kwa sababu binti wa jirani atacheka. Kijana mwenye hadithi nzuri anaificha chini ya godoro. Tukiua ulimi wa watu ili kuokoa r, tumefanya biashara ya hasara.

Basi tufanyeje? Tuache kuhariri? La hasha. Nadhani tumechanganya mambo mawili ambayo yanakwenda kinyume. Kuhariri cha kwako na kuhariri cha mwenzio si tendo moja. Cha kwako ukikihariri unajishusha: unaacha kiti chako, unakwenda kukaa kwenye kiti cha atakayesoma, unayatazama maneno yako kama mgeni. Cha mwenzio ukikihariri bila kuombwa, mara nyingi unajipandisha. La kwanza ni heshima, la pili ni cheo. Nasema mtu awe mkali kwa sentensi zake mwenyewe, na awe mpole kwa sentensi za watu. Sisi tumegeuza: za kwetu tunazirusha hivi hivi, za wenzetu tunazipiga darubini.

Zipo nafasi ambapo kunyamaza ni ukatili. Mwenzio anaandika barua ya kuomba kazi, au anajaza fomu ya ardhi, na unaona kosa litakalomgharimu. Mvute pembeni, mwonyeshe. Mzito zaidi ni jina la mtu. Mtoto anaitwa Mhina nyumbani, mwalimu anamwandikisha Muhina, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, kitambulisho cha taifa kinaleta la tatu. Miaka kumi na tano baadaye kijana huyo anazunguka ofisi na hati ya kiapo mkononi, akilipia kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Kisa nini? Kuna mtu, siku moja, aliyeandika jina bila kumgeuzia mwenyewe daftari na kumuuliza, "Hivi ndivyo unavyoliandika?" Sekunde tano. Na hapa wala hatuhitaji kamusi, maana mwenye jina ndiye kamusi. Anayeitwa Kwalugulu na wenyeji akitaka jina lake libaki na l, liandikwe kwa l.

Kutokana na hayo nimepata kipimo changu cha kosa, ambacho nawaletea waandishi chipukizi wenzangu wakijaribu. Kosa la kwanza ni lile linalomlipisha msomaji: linalompotosha siku, mahali, kiasi, jina, ndiyo na hapana. Hilo halina udhuru kwa mtu yeyote, awe profesa au mpiga debe, maana halihitaji elimu, linahitaji kutazama mara ya pili. La pili ni lile ambalo hukulichagua. Ukiandika "mshikaji" au "noma" au "we mwana" kwa sababu ndivyo mhusika wako anavyoongea pale stendi ya Korogwe, hilo si kosa, hilo ni sikio lako linafanya kazi. Ukiandika kwa l kwa sababu bibi yako husema hivyo na unataka tumsikie bibi, asante sana. Lakini ukiandika hivyo kwa kuwa hukurudi kusoma, usiniambie ni mtindo. Mtindo ni uamuzi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tangu ilipotoka mwaka 1981, haijamkataza mtu kuivunja. Inataka tu ujue umeivunja.

Na wenye simu mjihadhari: mashine haikuharirii. Nyingi zilifundishwa Kiingereza kabla ya Kiswahili, zinaweza kukugeuzia "sana" ikawa "Santa" kwa nia njema kabisa. Zinapanga herufi. Bibi yako hazimjui.

Najua mtu ataniuliza, sasa sisi tunaotaka kuwa waandishi, mambo ya vikaratasi na jumbe yanatuhusu nini? Sisi tunashughulikia riwaya! Mimi naona yanatuhusu mno. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga huku huku, alikuwa karani wa serikali, na kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Zilikuwa barua za ndugu kwa ndugu, za mambo ya nyumbani na kazi. Mwaka 2002, miaka arobaini baada ya kifo chake, zilitolewa kuwa kitabu, barua za kuanzia 1931 hadi 1958. Sisemi kila ujumbe wako utachapishwa; wako utafutwa simu ikijaa. Nasema mkono unaoandikia ndugu ndio huo huo unaoandikia taifa. Hakuna mkono wa akiba unaotunzwa sandukuni kwa ajili ya riwaya. Mtu aliyezoea kumrushia shangazi yake maneno bila kuyatazama atamrushia msomaji wake pia, kisha atamlaumu mhariri.

Wala usiogope kukosea wakati unaandika. Andika kwanza, mwaga yote, makosa na yawepo. Kusoma upya ni kazi ya pili, ina saa yake. Wanaochanganya hizo mbili ndio wanaokaa na ukurasa mtupu mwezi mzima.

Kwa maandishi ya kila siku njia ni fupi. Soma kwa sauti, hata ya kunong'ona, maana jicho husamehe ambapo ulimi hujikwaa. Kagua mambo matano: majina, tarakimu, siku na saa, mahali, na ile "si" ya kukana. Halafu mfikirie mtu mmoja atakayesoma, si watu kwa jumla: huyo mjukuu wa darasa la nne, amesimama karibu na mafiga, anamsomea bibi yake neno moja moja. Atasoma kila ulichoweka na hataongeza ulichokisahau. Akimaliza, bibi atasema, "Rudia tena hapo." Mtoto atarudia, na kitakachotoka ni kile kile.